Vidole Vyangu na Ng'ombe Asiyetaka Mkono Mwingine

Mwaka ule vidole vyangu vilivimba kwenye viungo, hata ngumi haikufunga. Na ng'ombe wetu hapa Olasiti alikubali kukamuliwa na mimi tu. Mwingine akimshika chuchu, teke. Asipokamuliwa, kiwele kinaharibika, unampoteza.

Kila aliyekuja alikuwa na sababu yake. Majina yao wote ninayo kichwani, siyaandiki, watanisuta. Jirani alisema ni maji ya baridi ya mlimani. Mwenye duka akasema ni nyama, na nyama yenyewe naila Krismasi.

Hospitali, daktari, binti mdogo tu, akanibonyeza kiungo kimoja kimoja.

"Bibi, asubuhi vinakaza muda gani?"

"Mpaka jua lifike bandani."

Akasema wengine huvimba kwa gauti, wengine kwa kuumia au vijidudu, wengine viungo vimelika kwa kazi na uzee. Damu yangu ilipopimwa, ikawa baridi yabisi: kinga ya mwili wangu inapigana na viungo vyangu.

Jirani alicheka. "Umemaliza kugombana na sisi, sasa umejigeukia!"

Dawa zilitaka wiki kadhaa. Ng'ombe hangoji wiki. Jirani alijaribu, akarushwa kwenye samadi. Mkwe wangu alikuwa kwao, amejifungua. Akabaki mwanangu, fundi wa kuchomelea kule Ngarenaro, mzee wa kanisa, na ndevu zake. Kwetu mwanamume hakamui.

"Mama, watu wakiniona?"

"Vaa."

Nikampa gauni langu, kitenge na kilemba. "Na uongee kama mimi. Ukitoa hiyo sauti yako, utapigwa teke."

Ng'ombe akalinusa gauni, akatulia. Siku ya tatu ndoo ilikuwa nusu mchungaji alipoingia getini, akauona ule mgongo.

"Shikamoo bibi! Vidole vinaendeleaje?"

Mimi niko dirisha la jikoni, mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Mwanangu hakugeuka.

"Marahaba, mchungaji," akajibu kwa sauti nyembamba. "Vinalegea."

"Bwana asifiwe! Na mzee wetu yuko wapi? Tunamsubiri kikaoni."

"Ametoka kidogo."

Mchungaji akafumba macho pale pale, akaomba vidole vile virudishiwe nguvu za ujana. Mwanangu akaitika amina huku anakamua, maziwa yanapiga ndoo kwa kishindo. Mchungaji akafumbua macho, akaangalia, akasema hajawahi kuona maombi yakijibiwa upesi namna ile.