Ortansia ya Kaka Yangu

Kiangazi cha Gisenyi kilinuka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Jirani yetu Mama Feza, muuza samaki, aliwaanika kwenye mikeka mbele ya nyumba, na upepo wa ziwa ukaisukuma harufu yao mpaka ndani ya mablanketi yetu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nasi tulikuwa bado wageni, tumerudi Rwanda kutoka Masisi, upande wa Kongo. Kaka yangu Bahati alikufa kwa homa tukiwa njiani, akiomba maji, na maji hayakuwepo. Tulimzika kando ya ua wa ortansia zenye maua ya buluu. Mama akang'oa mche mmoja, akaubeba kifuani mpaka Gisenyi. Hatukuwa na kitu kingine cha kumkumbukia.

Masisi kuna baridi na ukungu. Huko majani ya ortansia hushinda yamelowa. Hapa, kila saa sita mchana yalilegea yote, yakaning'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mama alitoka mbio na jagi, akamwaga, akachota tena. Jioni majani yalipoinuka, aliamini ni maji yake. Mimi niliuogopa mmea ule mno. Niliona ni Bahati anayekufa mchana na kuinua kichwa jioni, na sikuthubutu kupita karibu yake peke yangu. Wakati huo udongo ulikuwa tope, na majani ya chini yalianza kugeuka manjano.

Siku moja Mama Feza alichomeka kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Mama Bahati, huku chini iko maji mingi, mizizi inaoza. Ni jua na hii upepo inamunyonya kwa majani, sawa vile inakausha sambaza zangu. Umuwekee kivuli, umuache."

"Anaomba maji," mama alisema. "Mi nimuache tena?"

Mama Feza hakubishana. Alikung'uta samaki wake chini, akausimamisha mkeka kwa vijiti upande wa ziwa, kisha akaketi na kumshika mama mikono yote miwili. Mama alilia kwa sauti mchana kutwa. Jua lilipozama nyuma ya vilima vya Kongo, majani yaliinuka polepole, bila tone la maji. Mama aliyatazama tu, akaingia ndani.

Leo naelewa: hewa ikiwa kavu, kukiwa na jua na upepo, majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyapandisha, hata udongo ukiwa umelowa. Mwaka jana nilimtembelea mama. Maghorofa yameziba upepo, mparachichi wa jirani unatia kivuli, na ortansia imesimama wima saa sita mchana, katikati ya kiangazi. Nikaisifu.

Mama aligusa jani moja.

"Zamani alikuwaka ananiomba maji," alisema. "Sasa haniombi tena."