Mhesabu Kozi wa Kasungami

Nkandu alikuwa na maneno machache na jicho kali, na Novemba nzima ungemkuta juu ya kichuguu kimoja kule Kasungami, nje ya mji, kirefu kuliko nyumba, shingo amekunja nyuma. Mvua za kwanza zikishapiga, inswa, yaani kumbikumbi, huruka kutoka ardhini na mabawa yao mapya, na kozi, vipanga na tai hushuka kutoka kaskazini kwa mamia, wakila njiani. Nkandu aliwahesabu. Kila walipotimia kumi, alihamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Jioni alimwaga punje mezani, mkewe Kapinga akazihesabu pamoja naye, kisha Nkandu akaandika kwenye kaye, daftari lake. Na ole wako umwambie "mia tatu hivi". Hiyo "hivi" ilimkasirisha kuliko tusi!

Katanga ilipojitenga na Kongo, Mzungu wa kituo cha utafiti, aliyemlipa kwa hesabu hiyo, alifunga masanduku akaenda zake. Nkandu akabaki na kaye, na nyumba aliyopewa na kazi kule mtaa wa Katuba, na akaendelea kuhesabu. Nani angemkataza?

Mwaka uliofuata, elfu moja mia tisa sitini na moja, akapatikana. Adrien, kijana wa ofisi moja mjini, alikuja na kravati yake mpaka chini ya kichuguu.

"Papa Nkandu, shuka! Serikali iko na kazi ya maana kwako."

"Ngojea. Kozi iko banapita."

Adrien akangoja, viatu vikizama kwenye tope. Nkandu aliposhuka alipewa karatasi zenye mistari: avenue, yaani barabara, numero ya nyumba, hesabu ya watu waliotoka Kasai.

"Weye unajua kuhesabu kupita sisi bote," alisema Adrien. "Katuba, siku tatu. Na ukikataa, papa, ile nyumba haiko yako tena."

Nkandu alijua orodha hiyo ni ya nini. Wiki ile ile, upande wa Kenya, mtaa mwingine wa mji, nyumba za watu wa Kasai, mkoa jirani ulioitwa adui wa Katanga, zilikuwa zimechomwa, wenyewe wakakimbilia kambi ya ONU, ya Umoja wa Mataifa, na magodoro kichwani. Na Kapinga alizaliwa Kasai. Adrien alilijua hilo vizuri sana, maana bukari ya Kapinga, ugali wake, alikuwa ameila si mara moja. Aibu hana!

Nyumbani, Kapinga alizisoma zile karatasi polepole.

"Baba Chola, andika. Anza na miye. Batoto watalala wapi?"

"Nyamaza, Mama Chola."

"Batatufukuza!"

"Basi batufukuze! Mukono yangu haitaandika jina yako pale. Hata kidogo!"

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

Siku tatu alitoka asubuhi na karatasi kwapani. Katuba ilimwona, na milango ikafungwa. Mama Hortense, jirani yao kwa miaka tisa, alitema mate mbele ya miguu yake. Nkandu alimpita. Alikwenda Kasungami, akapanda kichuguu chake.

Siku ya nne Adrien alizifungua karatasi mbele ya makarani wote. Kila mstari ulijaa, mwandiko safi. Avenue: juu. Numero ya nyumba: hawana. Hesabu: kozi mia nne na kumi na mbili, vipanga tisini na sita, tai kumi na saba. Wametoka: kaskazini, wamepitia Kasai.

Karani mmoja alicheka, akakimeza kicheko.

"Papa, unanichezea?" aliuliza Adrien.

"Hapana, chef. Ninakukatalia."

Hata saa sita haikufika, sufuria na magodoro yao yalikuwa barabarani. Mama Hortense, aliyekwisha kusikia Nkandu aliandika nini, alikuja, akabeba kitanda upande mmoja, Nkandu upande wa pili, mpaka kambini.

Pale langoni kulikuwa na meza, na karani Mukasai, mtu wa Kasai, akiandikisha wakimbizi. Alimwandika Kapinga, akawaandika watoto, kisha Nkandu akamtajia jina lake.

"Jina hii haiko ya kwetu. Weye uko mutu ya hapa. Rudi mjini, baba, hakuna atakayekugusa."

Nkandu aliweka kiganja juu ya daftari.

"Andika: Nkandu, Kasai."

"Lakini baba..."

"Andika!"

Karani akaandika.