Visanduku vya Mwalimu Thuranira

Mwalimu Thuranira wa Nkubu aliamini amegundua njia ya kugawa pembe yoyote mafungu matatu sawasawa, kwa bikari na rula peke yake. Aliichora ubaoni, akaichora mchangani nje ya kanisa, na alipougua malaria akaichora kwenye shuka. Kahawa yake ilimezwa na magugu hadi mkewe, Karwirwa, akachoka. Wakaapiana: michoro ipelekwe kwa mtaalamu, na mume akithibitishiwa kuwa haifai, aichome yote na ashike jembe.

Michoro ikaenda kwa posta hadi Uingereza, kwa profesa mmoja wa hesabu. Jibu la profesa lilikuja kwa kompyuta, mwaka wa 1998, katika ofisi ya uchapaji karibu na soko la Gakoromone. Thuranira alifika amevaa koti la harusi. Sheila, msichana wa kompyuta, akamsomea kwa sauti, watu wote waliongoja zamu wakisikia.

"'Bwana Thuranira, jambo hili haliwezekani kabisa. Uthibitisho ni huu ufuatao.'" Akasogeza uso karibu na kioo.

"Endelea, binti yangu."

"Niendelee na nini, mwalimu? Ni visanduku tu!"

Kweli. Kila palipokuwa na alama ya hesabu, mashine haikuitambua, ikaweka kisanduku cheupe. Visanduku vilijipanga mstari baada ya mstari, hadi kwenye jina la profesa.

"Mwalimu, umetumiwa vigae vya choo!" akadakia Mwirigi, karani mmoja aliyengoja zamu. "Hebu vihesabu, usije ukapunjwa."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Sheila, huku akijifuta machozi, alimchapia nakala yake, kisha akachapa nyingine ya kubandika ukutani.

Nyumbani, Karwirwa alikuwa amekwisha kuwasha moto.

"Baba Kiogora, amesemaje?"

"Amesema haiwezekani."

"Basi lete hayo makaratasi."

Thuranira aliisogeza nakala karibu na mwali, akapitisha kidole juu ya kisanduku kimoja hadi kingine, kama mtu anayetafuta jina la marehemu wake.

"Amesema, lakini hajathibitisha. Uthibitisho uko wapi? Nionyeshe, mama, nichome sasa hivi."

Karwirwa aliitazama ile karatasi, akamtazama mumewe, kisha akaumwagia moto maji.

Msimu ule Karwirwa alipalilia kahawa peke yake. Shuleni, wanafunzi wakisikia hatua za mwalimu, walichora kisanduku ubaoni na kukimbilia madawati. Thuranira hakumchapa mtu. Alikifuta taratibu, akatoa bikari, akachora pembe palepale.