Bunduki ya Bi Mwanahija Yatafuta Mji

Msimsikilize mtu anayewaambia kuwa Bi Mwanahija alibahatisha. Mimi nilikuwepo. Wakati ule nilikuwa na ofisi yangu ya kusafirisha mizigo pale Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, chumba kimoja chenye feni inayolalamika kuliko mimi, na kila alichokifanya mwanamke yule kilipita kwangu kwanza. Hasira zangu ziko karibu, Guangzhou nzima inajua, na mwaka ule wa 2007 alizimaliza zote.

Mwanahija ni mtu wa Kikwajuni, Unguja. Alikuja China kama tulivyokuja wengi, kununua nguo za watoto na midoli ya Sikukuu, kuvitia kwenye kontena la kuchangia na wenziwe, na kuvipeleka Darajani kwenye duka la kaka yake mkubwa, Khatib. Mtaji ulikuwa wa Khatib na miguu ilikuwa ya Mwanahija. Na miguu hiyo, mwenzangu! Mwanamke mnene, baibui linapepea, asubuhi yuko Pazhou kwenye maonesho, mchana yuko Xiaobei anagombana na mbadilisha fedha, alasiri yuko mlangoni kwangu anataka chai. Sijapata kumwona amekaa kitako mpaka chai ikaisha.

Lakini mambo yalikuwa yamemchachia. Kila alichokipeleka nyumbani, wenziwe nao walikipeleka. Bastola ileile nyeusi ya plastiki, kutoka duka lilelile la jumla, ilijaa Darajani nzima, na Sikukuu iliyopita mzigo wake ukalala. Siku moja Khatib akapiga simu Mwanahija akiwa ofisini kwangu. Sauti ya Khatib haihitaji kuwekwa spika.

"Sikukuu hii ya mfunguo mosi ndiyo ya mwisho," alisema. "Mzigo ukilala tena, unarudi nyumbani ukae. Nitatafuta mtu mwengine wa kuja huko."

Mwanahija akaitazama simu kama imemtukana, kisha akanigeukia mimi, Abdulwakil. "Nikae, Wakili? Mimi nikakae, kama mtungi?"

Nilimhurumia. Mimi nikimhurumia mtu huwa nanuna.

Siku chache baadaye, maonesho ya Aprili yakiwa yamepamba moto, alinijia mbio kutoka stesheni ya metro, jasho linamtiririka, macho yanang'aa.

"Wakili! Nimepata!"

"Umepata nini, mume?"

"Bunduki!"

Alaa! Niliruka nikafunga mlango. Chumba cha pili walikuwamo Wakongo ambao hawajui Kiswahili cha kwetu ila neno hilo, na chini kulikuwa na mlinzi. "Punguza sauti, mwanamke wewe! Unataka tulale wapi leo?"

"Bunduki ya watoto, mpumbavu wee. Lakini yangu! Kalibu yangu, alama yangu, kiwanda kinanitengenezea mimi peke yangu. Mwaka huu nani ataniiga? Watanunua wapi?"

Akaanza kuzunguka chumba. Mnajua Sikukuu kwetu. Mtoto akishapewa mkono wa Idd na kila shangazi, mbio viwanja vya Mnazi Mmoja, na wa kiume jambo la kwanza ni bunduki. Sikukuu bila milio ni siku ya kawaida yenye pilau. Yeye alitaka yenye baruti, zile fataki za utepe mwekundu, iseme paa! mpaka bibi aliye dirishani amwage uji. Alinieleza kwa mikono miwili, na nitakuwa mwongo nikisema moyo wangu haukudunda. Wazo lilikuwa zuri, na mimi sipendi mawazo mazuri ya watu yanijie kabla sijala.

Tukaenda kwanza kwa Laoban Liang. Laoban ni bosi, na huku kila mwenye kiwanda, hata kiwe kibanda, ni laoban. Huyu wetu alikuwa na karakana ya plastiki nje ya mji, baina ya bwawa la samaki na shamba la migomba, akitengeneza vitana na vifuniko vya ndoo. Mwanahija alikuwa akinunua vitana kwake siku nyingi. Mimi, kwa Kichina changu cha sokoni, nikamfasiria habari ya bunduki.

Liang hakungoja nimalize. "Bu xing. Bu xing, bu xing!"

Hilo kila mfanyabiashara analijua kabla hajajua kuomba maji: haiwezekani. Kitu kinachofanana na bunduki ya kweli, tena chenye baruti, hakitengenezi. Hana kibali na hataki polisi waje kunywa chai kwake. Mwanahija alipotoka pale hakuwa amevunjika moyo hata kidogo.

"China ni kubwa," alisema. "Kama mji huu hauikubali bunduki, tutautafuta unaoikubali."

Basi tukaanza. Ofisi nikaifunga, nikajiambia naenda siku moja tu, ebo! Tulikwenda mji mmoja wa pwani ya mashariki ambako mitaa mizima ni midoli, mpaka juu ya paa za nyumba zao pameanikwa vichwa vya wanasesere. Bunduki walizikubali, lakini kwa masharti yao: rangi za kung'aa, baruti hakuna, mlio wa betri. Mwanahija akaijaribu moja.

"Inalia kama simu," alisema. "Mtoto ataipokea, aseme halo."

Hapo tukaambiwa habari za mji mwengine, ndani huko milimani, jina lake sitalitaja. Wakasema: huko, bunduki ni rafiki wa watu. Tulipanda basi kutwa nzima. Mwanahija alikaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kulisukuma lile basi, kila kilima kikitokea ananigonga bega. "Ndio pale? Ndio pale, Wakili?"

Na kweli, tulipokelewa kama mawaziri. Laoban wa huko, bwana mmoja mnene anaitwa Huang, alituandalia meza. Nyama hatukuigusa na pombe hatukuigusa, tukala mayai na njugu za kuchemsha, naye akatugongea bilauri yake kwenye vikombe vyetu vya chai kwa furaha. Unataka nyeusi? Ipo. Ya chuma? Ipo. Baruti? Akacheka, akatoa bastola ya fataki chini ya meza, akampa Mwanahija. Ilikuwa nzito mpaka mkono ulishuka.

Mwanahija akatoka uani, akaielekeza juu. Paa!

Kuku walitawanyika. Mbwa wa kijiji kizima wakaanza kubweka. Mwanahija akarukaruka kama mtoto. "Wakili! Umesikia? Umesikia mlio huo? Darajani watafunga maduka waje kwangu!"

Nilisikia, na masikio yanalia, na wallahi nami nilikuwa nacheka. Kisha kazi yangu ikanikumbuka. Nikamwuliza Huang, hizo fataki zitapandaje melini? Baruti ni baruti, iwe ya mtoto au ya jeshi, na meli haiipokei bila karatasi zake. Huang akanipiga bega. Jambo dogo, alisema. Tutazifunga ndani ya soksi za watoto, juu tuandike soksi.

Hapo ndipo nilipowaka. "Bi Mwanahija, nisikilize! Anayetia jina lake kwenye karatasi za mzigo ni mimi. Baruti ndani ya soksi, kontena linapikwa na jua wiki kadhaa, na meli ina watu ndani yake. Ukitaka, tia. Jina la Abdulwakil bin Ahmada halimo!"

Nilidhani tutagombana, na nilikuwa tayari. Lakini yeye alikuwa akiitazama ile bastola mkononi, na ile furaha ikimtoka taratibu usoni.

"Wakili," akasema. "Mtoto akishika hii pale Mnazi Mmoja, magharibi inaingia, askari yuko ng'ambo ya barabara. Ataona nini?"

"Ataona bunduki."

"Ndiyo," alisema. Akamrudishia Huang kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wao kwa adabu, akamshukuru kwa mayai.

Kurudi, hakunigonga bega hata mara moja. Mji unaokataa tumeuona, wenye masharti tumeuona, na unaokubali kila kitu ndio uliotutia khofu zaidi. Sikukuu inakuja, na Khatib akisema kitu hasemi mara mbili.

Ilibaki kwenda kuchukua vitana kwa Liang, maana tulishaviagiza. Wafanyakazi walikuwa bado wanavifunga, kwa hiyo tukangoja uani. Mwanahija akawa anatembea huku na huku kwenye ukingo wa shamba, anaitazama migomba. Ghafla akasimama.

"Niombee kisu," aliniambia.

"Cha nini? Mbona bado mapema kujiua?"

"Niombee kisu, Wakili!"

Nikamwombea. Akakata jani moja kubwa la mgomba, akalichuna pembeni mpaka ukabaki ule uti wake mnene. Kisha juu ya mgongo wa uti akakata ndimi, moja baada ya moja, za mshazari, bila kuziachanisha na uti, akazisimamisha zote zikawa kama safu ya meno. Mimi nikajua. Loh, nikajua, nywele zikanisimama! Akaubana uti kwapani, akapitisha kiganja juu ya zile ndimi kwa nguvu, zikalala kwa mfuatano.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta!

Liang alitoka mbio, uso umemwiva. Akaona kitu alichokishika Mwanahija. Akasimama. Kisha mzee yule, ambaye tangu nimjue hajapata kunionesha meno, akaangua kicheko mpaka akajishika magoti. Akakinyakua kisu, akaenda mgombani, akakata wake. Kumbe kijijini kwao nako, utotoni, ndio vita vyao vilikuwa hivyo! Ta-ta-ta-ta! Akampiga Mwanahija. Mwanahija akampiga. Wafanyakazi wakaacha mashine wakatoka. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikajikuta nyuma ya pipa na uti wa mgomba mkononi, natetea roho yangu.

Tulipochoka, Liang akaniambia nimwulize nani aliyemfundisha.

"Kaka yangu Khatib," Mwanahija alisema, akihema. "Tena hakunifundisha, alinikataza. Mtoto wa kike hapigi bunduki, aliniambia, akanifukuza. Nikamchungulia nyuma ya banda la kuku mpaka nikajua."

Kisha akaunyanyua ule uti mbele ya Liang. "Mwulize. Hii ya plastiki, ndimi zake namna hii, mshikio wa hapa. Haina baruti. Haina betri. Askari akiiona ataona mgomba. Hii nayo bu xing?"

Nikafasiri. Liang akaushika uti, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ndimi. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kifuniko cha ndoo, akakikunja, kikarudi chenyewe.

"Xing," alisema. Yawezekana.

Mwanahija alipiga kigelegele kilichowaamsha bata bwawani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tumeizunguka China kutafuta mji unaoikubali bunduki, kumbe ilitakiwa bunduki ambayo kila mji utaikubali, na kalibu yake iko kwa muuza vitana. Bunduki za mwanzo zilivunjika ndimi, za pili zikagoma kulia. Liang akawa hapokei simu za watu wengine, kila jioni ananiita nije nisikilize mlio, na mimi nilikwenda, nikilalamika njia nzima. Rangi wakachagua kijani cha mgomba na, kwa sababu plastiki ya vitana ilibaki nyingi, waridi.

"Waridi?" nilipiga kelele. "Bunduki ya waridi! Nani atainunua?"

"Aliyekuwa nyuma ya banda la kuku," alinijibu.

Mzigo ukaondoka. Ramadhani ikaja, ikaisha. Siku ya Idd tuliswali, jioni tukakutana Xiaobei kwenye mkahawa wa pilau, watu wamependeza, kila mtu anapiga simu nyumbani. Mwanahija peke yake hakupiga. Alisimama nyuma ya kiti chake na simu mkononi, sahani yake haijaguswa. Kwetu ilikuwa ni mchana bado, maduka yamefunguliwa, na jibu la mwaka mzima lilikuwa huko.

Simu ikalia. Khatib.

"Pokea," nilimwambia. Hakuweza. Nikabonyeza mimi.

"Mwanahija!"

"Bee, kaka."

"Hizi bunduki zako."

"Zimelala?" Sauti yake haikuwa yake.

Nadhani Khatib aliitoa simu dukani kuielekeza barabarani, maana tulisikia sote, mkahawa mzima: ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta-ta, hapa moja, kule kumi, na vicheko vya watoto, na vingi vyake vya wasichana.

Alipoirudisha sikioni, aliuliza:

"Nani alikufundisha kukata ndimi namna hii?"

"Wewe."

"Mimi nilikukataza."

"Ndiyo, kaka."

Ta-ta-ta-ta, nyuma yake. Kisha Khatib akakohoa, na akasema kwa ile sauti yake isiyohitaji spika, "Basi usirudi. Unanisikia, Mwanahija? Zimekwisha zote, watoto wananililia mlangoni. Usirudi, tengeneza nyengine."

Mwanahija akavuta kiti. Akakaa, akaegemea, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, na akaagiza chai.