Mtoto Aliyezaliwa kwenye Barua

Kosa langu la mwanzo, nilipoanza kuandikia watu barua kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, hapa Eldoret, lilikuwa kumzalisha msichana ambaye hakuwa amejifungua. Nilimzalisha kwa neno moja la Kiingereza: recently.

Niseme ukweli, Kiingereza nimejifundisha mwenyewe. Nina daftari, na ndani yake kurasa nne nzima ni za maneno ya jambo lililotokea punde. Just. Recently. Lately. Newly. Maneno haya yananichosha. Just ni "sasa hivi", ukigeuka kidogo limekuwa "tu". Lately linafanana na kuchelewa, lakini si kuchelewa. Niliwahi kumwambia mwenye saiba, "Sorry, I came lately," akanisalimia hivyo wiki nzima: "Lately amefika!" Nikaapa kwamba neno lolote la ukoo huo halitanishinda tena.

Basi akaja mama mmoja anayeuza mitumba kule mtaa wa Langas. Binti yake alikuwa amepata nafasi chuoni, kusomea ualimu wa watoto wadogo, na alitakiwa kuripoti wiki iliyofuata. Mama alitaka barua ya kuomba nafasi hiyo iwekwe hadi muhula mwingine. Binti mwenyewe alikuwa kijijini Soy kwa nyanya yake, sikuwahi kumwona. Na kwa kuwa hii ilikuwa barua, mama aliacha Kiswahili chake cha sokoni, akajinyoosha kwenye kiti, akaongea kama mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Andika hivi: binti yangu hawezi kuripoti, kwa sababu kujifungua kwake ni hivi karibuni."

Nilifurahi. Hivi karibuni nililijua, ukurasa wa pili wa daftari. Kilichonitesa ni kuchagua. Has just given birth? Newly? Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Kijana, bado uko hapo tu?"

"Natafuta neno lenyewe, Mama."

"Si uweke lolote! Anayesoma si Mzungu."

Dakika arobaini baadaye nikamsomea kwa sauti: My daughter has recently given birth. Kiingereza hakijui, lakini alitabasamu. "Hiyo sasa ni barua. Kizungu yako inateleza kama mboga ya mrenda."

Alirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata, saiba ikiwa imejaa watu. Hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Wewe kijana! Umezalisha binti yangu!"

Vidole vyote vikasimama juu ya kompyuta. Mwenye saiba akavua miwani yake polepole.

"Mama, mimi hata simjui..."

"Umemzalisha kwa karatasi! Mtoto bado yuko kwa tumbo, na chuo wanataka kuona karatasi yake ya kuzaliwa!"

Chuo kilikuwa kimejibu kwamba, kama amejifungua, alete karatasi ya hospitali. Binti akaenda mwenyewe kueleza, tumbo likiwa mbele. Wakamwambia barua yake ni ya uongo, na kwamba Ijumaa nafasi itapewa mwingine. Yaani kesho yake.

Ndipo nilipoona. Hivi karibuni ni wiki iliyopita, na hivi karibuni hiyo hiyo ni wiki ijayo! Nilikasirikia Kiingereza kwa kuwa na maneno manne ya jambo moja. Nikakasirikia Kiswahili kwa kutumia maneno yale yale kwa jana na kesho. Lakini zaidi nilijikasirikia mimi. Hata kumpongeza mama kwa kupata mjukuu sikumpongeza. Ningempongeza, angenishangaa, na kosa lingeishia pale pale. Sikuwa na nafasi ya hongera. Nilikuwa natafuta neno.

Tulienda chuoni pamoja saa ile ile. Karani wa usajili, mwanamke wa makamo, aliiweka barua yangu mezani.

"Recently ni jana ama ni kesho?"

"Ni jana, madam. Lakini mama alisema hivi karibuni, sasa hivi karibuni..."

"Kiingereza ulisomea wapi?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

"Na Kiswahili?"

Mama akaingilia. "Madam, huyu si mwongo. Ni vile anajua sana. Hiyo ndiyo shida yake."

Karani akacheka kidogo, akanisukumia karatasi tupu. "Haya, andika tena. Hapa hapa."

Nilimgeukia mama. "Amejifungua ama atajifungua?"

"Atajifungua! Si ndiyo nilikuambia?"

"Kliniki walimwambia lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

Niliandika kwamba binti anatarajia mtoto mwishoni mwa mwezi. Haikuchukua hata dakika tano. Karani alisoma mara moja, akapiga muhuri, akasema nafasi itamngoja hadi muhula ujao. Mama alishika karatasi ile kwa mikono miwili mpaka tukafika barabarani.

Bado naogopa sana kukosea, hilo halijaisha. Lakini siku hizi siandikii mtu barua kabla ya kumuuliza kama jambo limeshatokea au bado, na ni siku gani. Nauliza hata nikidhani najua, kisha naandika siku yenyewe.