Taulo za Shangazi

Shangazi yangu anafuga ng'ombe Mutuini. Mwaka jana binti yake alimlipia safari ya wiki moja kwenye meli ya kitalii. Aliporudi tulimzunguka sebuleni, nikamuuliza bahari ilikuwaje.

"Maji tu," akasema.

Kilichomfurahisha ni mhudumu aliyekuja kila asubuhi kutandika kitanda na kukunja taulo kwa umbo la mnyama: tembo, kisha bata, kisha nyani. Shangazi hakuthubutu kuwakunjua. Alijikausha kwa leso yake, na kitanda kilipojaa akahamia kwenye kiti.

"Ulilipiwa safari ukalale kwenye kiti?" nikashangaa.

"Nilistarehe sana. Hao ndio wanyama wa kwanza maishani mwangu wasionidai chakula."

Mumewe, aliyebaki nyumbani akikama ng'ombe, akauliza kama meli hiyo hubeba wanaume pia.