Nilivyofufua spika za baba mkwe ambaye siruhusiwi kukaa naye sebuleni

Wakuu, poleni na majukumu.

Wengi humu mnanijua kwa kuchangia mara moja moja mtu akiuliza mambo ya amplifaya. Leo naleta langu mwenyewe. Ni refu kidogo, ila ni kweli tupu, na mwenye spika kubwa za zamani ndani atapata cha kuondoka nacho.

Kwanza nijitambulishe kwa wageni. Mimi ni mwanamke (mnaoniita "mkuu" endeleeni tu, sina shida), mwalimu wa fizikia, naishi Ilomba hapa Mbeya. Kwetu ni Iringa, Mhehe. Nimeolewa na Mnyakyusa.

Hapo kwenye kuolewa ndipo habari inapoanzia.

Kwa wasiojua: kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawaangaliani usoni. Mkamwana hatamki jina lake. Akija njiani, wewe unapisha pembeni. Si ugomvi, ni heshima kubwa sana.

Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Ya mume wangu haijalegeza hata nati moja.

Miaka tisa ya ndoa, baba mkwe namfahamu kwa kikohozi chake, kwa koti lake la kijivu likipita mbele ya dirisha, na kwa maneno anayomtuma mume wangu. Hata humu mtandaoni jina lake sitaliandika, na si kwa sababu ya privacy.

Sasa spika.

Mzee alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai huko Mufindi, akastaafu na kujenga Igowole. Enzi za ujana wake alinunua jozi ya spika kwa mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka nchini.

Wakuu, acheni mchezo. Spika inanifika kifuani. Mbao nzito ya kahawia, woofer ya besi ya inchi kumi na tano, juu yake horn ya chuma kama tarumbeta, kisha tweeter ndogo ya sauti nyembamba. Moja tu inabebwa na watu wawili, na hao wawili wanapumzika njiani.

Nilizikuta stoo mwaka huu nilipotumwa kuchukua unga. Zimefunikwa magunia, panya wameshatoboa kitambaa cha mbele. Nikafuta vumbi kwa kiganja, nikaona mbao inang'aa chini yake. Nilisahau unga kabisa.

Shemeji yangu, Ambakisye, naye alikuwa na mipango yake. Anafuga kuku, na Igowole mnaijua baridi yake.

"Shemeji, hayo masanduku nimeshayapimia," akaniambia. "Nang'oa hayo madude ya ndani, naweka taa, vifaranga mia wanalala humo kama wako Dar."

Vifaranga! Nilihisi kama mtu amesema anakwenda kuchinja ng'ombe wa maziwa.

Nikamwomba mume wangu, Lusajo, aniombee kwa baba yake nizichukue nikazitengeneze. Akaenda sebuleni, akarudi na jibu:

"Baba anasema achukue. Lakini zikirudi, siku hiyo hiyo zinapigwa. Zisipoimba kama zilivyokuwa zinaimba, Ambakisye anapewa masanduku yake. Anasema hataki maiti mbili sebuleni."

Basi. Nafasi ilikuwa moja tu.

Zikapanda gari la mbao hadi Mbeya, na chumba cha watoto kikawa karakana. Nieleze kazi yenyewe taratibu, maana najua kuna watu wana spika kama hizi wanafikiri zimekufa.

Ukiangalia pembeni ya ile karatasi nyeusi ya woofer, kuna duara la sponji linaloiwezesha kucheza mbele na nyuma. Sponji huoza. Za mzee ukizigusa zinageuka unga. Watu wengi wakiona hivyo wanatupa spika nzima. Usitupe! Duara jipya linauzwa peke yake. Mimi niliagiza Dar, likaja na basi. Unakwangua mabaki ya zamani polepole, unasafisha, unabandika jipya, unaliacha likauke siku nzima bila kulichungulia. Kutochungulia ndiyo sehemu ngumu.

Karatasi ya woofer moja ilikuwa imechanika urefu wa kidole. Dawa yake ni karatasi ya majani ya chai, ile mifuko midogo. Unamwaga majani, unakausha mfuko, unapaka gundi nyeupe ya mbao iliyolainishwa kwa maji, unabandika mbele na nyuma. Ni nyepesi na ngumu. Spika ya mtu wa kiwanda cha chai ikapona kwa chai.

Kisha nikabadilisha kapasita zote, maana zile za zamani zilikuwa zimechoka. Mbao nikaisugua msasa laini na kuipaka mafuta, mara nne. Kwenye woofer ya kulia nyaya mbili zinazopeleka umeme kwenye karatasi zilikuwa zimekatika, nikachomelea mpya.

Hiyo sentensi ya mwisho ikumbukeni, ndiyo iliyonitoa jasho.

Nyumbani nilizijaribu moja moja. Chumba ni kidogo, spika mbili pamoja na mimi hatuenei. Ya kushoto ikaimba, jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Ya kulia nayo ikaimba vile vile. Nikajipongeza, nikalala.

Siku ya kuzirudisha tulifika Igowole saa nne asubuhi, ukungu bado umelala kwenye mashamba ya chai. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, anasubiri mali yake.

Na yeye akiwa sebuleni, mimi siingii. Wala siwezi kumtumia ujumbe atoke kwenye sebule yake mwenyewe. Mkamwana gani huyo?

Kwa hiyo nikasimama nje, chini ya dirisha, pazia limefungwa, nimejifunika shuka, natoa maelekezo. Fundi wangu ndani ni Lusajo. Jamani, nampenda mume wangu, ila yeye ni mwalimu wa Historia. Ukimpa bisibisi anaitazama kama zana ya mawe iliyochimbuliwa Isimila.

"Baba Neema, zitoe ukutani hatua moja."

"Hatua yangu au yako?"

"Yako! Na umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali hadi kiti cha Baba. Halafu zigeuze kidogo zimtazame."

"Zimtazame Baba?"

Ndani nikasikia kikohozi. "Acha zinitazame," mzee akasema. "Zinanidai nini?"

Nyaya za amplifaya ya mzee zikafungwa, kaseti ya muziki wa dansi ikawekwa. Ambakisye naye alishasogea mlangoni, ameegemea fremu.

Muziki ukaanza, wakuu, nami nikabana sikio dirishani.

Sauti za waimbaji zilikuwepo. Magitaa ya juu yalikuwepo. Lakini besi haikuwepo. Gitaa la besi linasikika kama mtu anagonga kikombe chumba cha tatu. Spika mbili za inchi kumi na tano zinapiga kama redio ya mezani!

Wimbo ukaisha, mzee akasema taratibu, "Mwambie ndaga. Amejitahidi."

Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa. Nilitamani angetukana.

Ambakisye akatoka nje akicheka kwa mbali. "Mwalimu, fizikia imegoma leo? Usijali, vifaranga hawasikilizi besi."

Nikamwambia Lusajo aweke wimbo wa pili, mimi nikaanza kuizunguka nyumba. Nilikuwa nataka kulia, basi bora nilie nikitembea. Nilipofika usawa wa mlango wa jikoni, jirani na spika ya kushoto, nikasikia besi. Ipo! Nikazunguka hadi upande wa kulia. Ipo! Nikarudi dirishani, katikati ya zote mbili. Imepotea.

Hapo nikajipiga kofi la paji la uso.

Nieleze kwa lugha rahisi. Spika inapiga besi kwa kusukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Zikiwa mbili, lazima zisukume pamoja na zivute pamoja. Ukikosea nyaya kwenye moja, hii inasukuma wakati ile inavuta, na katikati, pale pale mtu anapokaa, besi zinafutana. Ukiipiga moja peke yake huwezi kugundua, maana haina wa kugombana naye.

Zile nyaya mbili nilizochomelea. Nilizigeuza. Mimi, ninayefundisha watoto wa watu chanya na hasi.

Kipimo chake ni betri ya tochi. Unachomoa nyaya za amplifaya, unagusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika, hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja. Karatasi inatakiwa iruke kuja mbele. Ikirudi ndani, nyaya zimegeuka.

Nikampitishia Lusajo betri dirishani na kumweleza pa kugusisha. Tatizo ni hili: anayeshika betri yuko nyuma ya sanduku. Hawezi kuona karatasi iliyo mbele. Lazima mtu mwingine atazame.

Na sebuleni mtu mwingine alikuwa mmoja tu.

"Baba Neema," nikaita, "gusisha ya kushoto, halafu muulize Baba, imetoka au imeingia?"

Tup.

"Baba, anauliza imetoka au imeingia?"

"Mwambie imetoka."

"Mama Neema, anasema imetoka."

"Sasa ya kulia."

Tup.

"Baba, anauliza..."

"Nimemsikia anachouliza!" mzee akasema. "Dirisha si ukuta. Imeingia. Rudia." Tup. "Imeingia. Hizi zinavutana! Moja inasukuma, moja inavuta. Kama watu wawili kwenye mkokoteni mmoja, huyu anasukuma mbele, yule anavuta nyuma!"

Miaka tisa, wakuu. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akiongea kwa furaha.

Nikamweleza Lusajo afungue skrubu nane za woofer ya kulia. Alifungua mbili, ya tatu akaiharibu kichwa.

"Lete hapa," nikasikia. Kiti kikalia, mtu akapiga magoti sakafuni. Baada ya hapo bisibisi haikusita tena. Mkono wa fundi unajulikana kwa masikio.

Mzee akamuuliza mwanawe, kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji, "Muulize, nyaya ni hizi mbili nyembamba za kusuka, au hizi zinazokwenda kwenye horn?"

Lusajo hakufungua hata mdomo. Nikajibu, "Nyembamba tu, Baba. Za horn ziachwe."

"Muulize, nichomoe au nikate?"

"Zinachomoka, hizo za kuleta umeme sikuzichomelea. Zibadilishane nafasi, kosa langu litajifuta."

"Haya."

Lusajo baadaye aliniambia alikuwa amekaa juu ya meza akinywa chai yangu.

Woofer ikarudi mahali pake. Kaseti ikarudishwa mwanzo.

Sijui niwaambieje. Besi ilikuja kwanza kwenye nondo za dirisha nililoshika, kisha miguuni. Ilikuwa laini, nene, ya mduara, kila nota ya gitaa inatembea na viatu vyake. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Ambakisye akaacha kucheka, akasema, "Duh," akaenda zake kutafuta mbao nyingine.

Zikapigwa nyimbo tatu nzima. Manyunyu yakaanza, nikajivuta chini ya bati.

Halafu nikasikia: "Lusajo, mimi natoka. Nakwenda kuangalia ng'ombe."

"Baba, mvua hiyo."

"Nina koti. Irudishe kaseti mwanzo. Aliyezitengeneza hajazisikia zote mbili."

Mlango wa mbele ukafunguliwa na kufungwa.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Kiti chake sikukikalia, nilikaa kwenye mkeka mbele yake, pale pale katikati. Upande wote wa kaseti, dakika kama thelathini. Mwimbaji alisikika kama amesimama kati ya spika mbili, pasipo na mtu. Nimetengeneza redio na spika nyingi, sijawahi kusikia kitu kama kile.

Kwenye pengo la pazia niliona koti la kijivu. Hakwenda kwa ng'ombe. Alikuwa amesimama kwenye manyunyu, mgongo umetazama nyumba kama mila inavyotaka, na kisigino kinapiga chini.

Nilichojifunza, wakuu: spika moja kuimba vizuri peke yake haijathibitisha lolote. Betri ya tochi kwanza, kila mara, hata ukijiona mtaalamu. Na kazi haijaisha hadi mtu akae kwenye kiti cha msikilizaji. Kama wewe huwezi kukaa hapo, muulize aliyekaa, tena uamini anachokuambia.

Sasa nakwama kwenye kitambaa cha mbele. Nilipendekeza kitenge, jibu likaletwa kwamba spika si mwali. Mnatumia kitambaa gani kisichozuia sauti, na kinapatikana wapi huku Nyanda za Juu? Na Wanyakyusa mliomo, kama kuna mahali nimekosea mila, nirekebisheni. Nasoma kila comment.